Mwenye nyumba za kupangisha, usisubiri kanuni ije na nyundo

Wengi wenu mnanifahamu kwa habari za pamba, mpunga na dengu. Leo naomba tutoke shambani tuingie mjini Lamadi, kwenye zile nyumba za vyumba sita, vinane au kumi vilivyopangana kwenye mstari mmoja, choo na bafu nyuma, geti moja mbele.

Najua utauliza, bwana shamba na nyumba wapi na wapi? Nina sababu mbili. Ya kwanza, wenye nyumba hizo wengi ni wakulima wangu. Mwaka ambao pamba imekubali na malipo yametoka, nakutana nao njiani wakiwa na tela la matofali ya kuchoma. Hela ya shamba inageuka vyumba, vyumba vinageuka ada ya shule ya watoto. Ya pili, ugonjwa mkubwa wa nyumba zetu unaanzia kwenye udongo, na udongo ndiyo kazi niliyosomea.

Nieleweke mapema kwamba haya ni maoni yangu binafsi. Halmashauri haijanituma.

KILICHONIFANYA NIANDIKE

Nilipopangiwa kazi huku mara ya kwanza nilipanga chumba kwa mzee mmoja, jina lake nalihifadhi. Vyumba vilikuwa sita, mimi nilikuwa cha pili kutoka mwisho. Mwezi wa tisa niliona ufa umeanza kwenye kona ya dirisha. Ulishuka kwa ngazi ngazi, ukifuata maungio ya tofali, mpaka karibu na sakafu. Nikamwambia mzee.

"Mwanangu, hiyo nyumba inakaa tu. Kila nyumba ina ufa."

Akaleta fundi, wakapiga plasta juu yake na rangi. Mvua za vuli zikaja, ufa ukajifunga. Kiangazi kilichofuata ukafunguka tena, safari hii kalamu iliweza kupita. Masika ya mwaka huo, usiku wa mvua kubwa, ukuta wa chumba cha mwisho ulilala kwa ndani. Mtoto wa mama mmoja muuza dagaa alivunjika mguu. Aliyekuwa upande wa pili wa kitanda hakuguswa, na mpaka leo nikikumbuka nasema Mungu mkubwa.

Ndugu msomaji, mzee yule si mtu mbaya. Na shamba lake nalijua, liko kwenye mbuga, udongo mweusi ule ule uliokuwa chini ya nyumba yake. Yeye mwenyewe ndiye aliyewahi kunionyesha nyufa za mbuga mwezi wa nane, akatumbukiza mpini wa jembe ukaingia nusu. Anajua kwamba mbuga ikikauka inapasuka, ikilowa inavimba. Shambani anaheshimu jambo hilo, anajua siku ya kulima na siku ya kuacha. Kwenye nyumba hakulikumbuka.

Na mimi nina kosa langu. Nilisomea udongo, ule ufa niliutambua. Nilisema mara moja, nikajibiwa, nikanyamaza. Nilikuwa mpangaji mgeni mjini, sikutaka kuambiwa nitafute chumba kingine. Kama mtumishi wa serikali aliogopa kusema mara ya pili, mama muuza dagaa angesema vipi?

KWA NINI TUZUNGUMZE SASA

Upepo wa sheria za majengo umegeuka, hapa kwetu na nje. Machi 29, 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024 likaanguka jengo la Kariakoo, watu zaidi ya 25 wakapoteza maisha, na Waziri Mkuu akaunda tume ya kukagua majengo ya eneo hilo. Wenzetu Kenya walipata msiba wao Huruma, Nairobi, Aprili 2016. Hilo lilikuwa jengo la vyumba vya kupanga vya watu wa kipato cha chini, kama wapangaji wako. Tangu Machi 2025 Kenya wanatumia kanuni mpya za ujenzi badala ya zile za mwaka 1968.

Uingereza nako, jengo la Grenfell Tower jijini London liliungua Juni 14, 2017 na kuua watu 72. Zilikuwa nyumba za kupangisha za mamlaka ya mtaa, na wapangaji walikuwa wameshalalamika kabla. Miaka mitatu baadaye, mtoto wa miaka miwili alifariki mjini Rochdale kwa sababu ya ukungu wa ukutani ambao wazazi wake waliulalamikia. Ndipo ikatungwa sheria kwamba mwenye nyumba za jamii akipewa taarifa ya hatari ya dharura, ana saa 24 kuidhibiti. Ilianza kutumika Oktoba 2025.

Ukizisoma habari hizi kwa pamoja utaona kitu kimoja. Watu huwa wameona, na mara nyingi wameshasema. Kinachokosekana ni mtu aliyelazimika kujibu. Ndiyo maana kanuni mpya, popote zinapotungwa, zinaelekea kwenye swali hili: uliambiwa lini, na ulifanya nini?

Wengine wananiambia mambo hayo ni ya maghorofa na ya Shirika la Nyumba la Taifa. Mimi nasema hapana. Mvuvi, dereva wa bodaboda, mwalimu mpya, mhudumu wa nyumba ya wageni, kijana aliyekuja kubahatisha kibarua barabara ya Mwanza na Musoma, wote hawa hapa kwetu hawapangi kwa Shirika. Wanapanga kwako. Nyumba za jamii za Lamadi ni zako wewe mkulima mwenye vyumba sita. Hivyo kanuni zikikazwa, mlango utakaogongwa ni wako.

Maoni yangu ni haya: usisubiri ugongwe. Kazi kubwa unaweza kuianza kwa mkono wako mwenyewe msimu huu, na ambaye hataanza atakuja kulipa mara mbili.

1. ANZA NA UDONGO

Kama kiwanja chako kiko kwenye luseni, ule udongo wa kichanga wa mwinuko, umepona kwa sehemu kubwa. Kama kiko kwenye mbuga, soma kwa makini.

Mbuga haiharibu nyumba kwa sababu ni laini. Inaiharibu kwa sababu inapanda na kushuka, tena si kwa usawa. Upande unaopata maji unavimba, upande mkavu unashuka, ukuta unakatika katikati. Kwa hiyo dawa ya kwanza kwa nyumba iliyokwisha jengwa ni kuyaweka maji mbali na msingi.

Tembea nyuma ya nyumba yako. Maji ya bafu yanakwenda wapi? Nyumba nyingi za kupangisha nilizopita, yanamwagika futi mbili kutoka ukutani, kila siku, mwaka mzima. Hayo ndiyo yanayovunja nyumba. Yachimbie karo mbali au yapeleke kwa bomba hadi kwenye mgomba. Weka mifereji ya bati ili maji ya paa yasichimbe msingi. Mwaga zege au panga mawe kuzunguka nyumba, upana wa mita moja hivi, yainame kuelekea nje. Na mti mkubwa kama mkaratusi usiupande karibu na ukuta, maana unanyonya maji upande mmoja kiangazi kizima. Kipimo rahisi ni umbali unaolingana na urefu utakaoufikia mti wenyewe.

Kwa anayejenga upya: ondoa udongo mweusi mpaka ukute ardhi ngumu, jaza moramu kwa tabaka na ushindilie kila tabaka, kisha funga kuta zote kwa mkanda wa zege na nondo chini, na lenta juu. Fundi akikuambia lenta ya juu inatosha, mwulize kwa upole, je, inayosogea ni juu au ni chini?

Na ufa je? Si kila ufa ni hatari. Nywele nywele kwenye plasta zisikunyime usingizi. Ufa wa kuogopa ni ule unaoshuka kwa ngazi kutoka kona ya dirisha au mlango, unaoonekana pande zote mbili za ukuta, au unaoambatana na mlango uliogoma kufunga. Chukua penseli, weka alama kwenye ncha mbili za ufa, andika tarehe hapo hapo ukutani. Pima upana wake mwisho wa kiangazi, pima tena masika yakiisha. Ukiona umerefuka au umefika upana wa nusu sentimita, acha plasta. Nenda ofisi ya mhandisi ya halmashauri, na chumba hicho usimlaze mtu.

2. PAA

Kanda yetu ya ziwa ina upepo wa ghafla kabla ya mvua. Panda ngazi uangalie kama kenchi zimefungwa kwenye lenta kwa waya au mkanda wa chuma, au zimekalia ukuta tu kwa uzito wake. Mbao zilizoliwa na mchwa badilisha. Na yale mawe na matairi uliyoweka juu ya bati, yashushe. Jiwe juu ya bati halizuii upepo, linasubiri kumwangukia mtoto.

3. UMEME

Nyumba nyingi zilifungiwa umeme wa taa tu. Leo kila chumba kina feni, redio kubwa, pasi, wengine friji. Waya ni ule ule. Kwa kawaida taa hutumia waya wa milimita 1.5 na soketi milimita 2.5. Ukikuta soketi ya chumba cha sita inapata umeme kwa ekstensheni kutoka chumba cha tano, ujue moto umeshapata njia.

Tumia fundi mwenye leseni ya EWURA, mwombe akuonyeshe leseni, na risiti itunze. Hakikisha kuna eathi, na kila nyumba ina kikata umeme kinachofanya kazi. Kikikata mara kwa mara usikibadilishe kuweka kikubwa zaidi wala usikifunge kwa waya. Kinakuambia kuna tatizo. Msikilize anayekuonya.

4. MOTO NA GETI

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Wenye nyumba wengi wanafunga geti kwa kufuli saa nne usiku na kulala na ufunguo. Madirisha nayo yana nondo zisizofunguka. Nia ni njema, tunaogopa wezi. Lakini moto ukiwaka saa nane usiku, umewafungia watu wako ndani.

Mpe kila mpangaji ufunguo wa geti, au weka komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo. Kila chumba kiwe na dirisha moja ambalo nondo zake zina bawaba na zinafunguka kutoka ndani. Fundi wa kuchomelea hapa mjini anaiweza kazi hiyo kwa siku moja.

Serikali inahimiza nishati safi ya kupikia, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Maana yake mitungi ya gesi itaongezeka kwenye vyumba vyako. Waelekeze wapangaji mtungi usimame wima mahali penye hewa, mpira ukaguliwe, na wakisikia harufu wafunge mtungi na kufungua mlango kabla ya kugusa swichi yoyote. Anayetumia mkaa asilale na jiko ndani, hata likionekana limezimika. Hewa yake ya sumu haina harufu, mtu anasinzia na haamki. Mjengee mpangaji kibanda cha kupikia nje, hata cha bati nne, utakuwa umeokoa roho.

Andika namba ya Zimamoto, 114, ukutani karibu na geti. Weka ndoo mbili za mchanga. Kama uwezo upo, ongeza kizimamoto.

5. WALIO KARIBU NA ZIWA

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Waliodhani ni sheria ya makaratasi waliona wenyewe mwaka 2020 na tena 2024, ziwa lilipopanda kupita kiwango kilichokumbukwa tangu 1964. Kama una vyumba ndani ya mita hizo, usiongeze hata tofali moja. Anza kufikiria kuhamia juu ukiwa na nafasi ya kufikiri.

6. NUNUA DAFTARI

Hili ni dogo kuliko yote na ndilo ninalolitilia mkazo zaidi. Nunua daftari la kurasa mia. Ukurasa wa kwanza andika nyumba ilijengwa lini, fundi nani, kibali cha ujenzi cha halmashauri kiko wapi. Kurasa zinazofuata piga mistari minne: tarehe, mpangaji kasema nini, nimefanya nini, lini.

Mpangaji akija na neno, andika mbele yake. Hatari ya leo leo, kama waya unaotoa cheche au ukuta unaolala, ishughulikie siku hiyo hiyo. Nyingine jipe wiki mbili. Ukishindwa, andika kwa nini umeshindwa.

Daftari hili litakulinda siku mkaguzi akija, maana utakuwa na la kumwonyesha. Litamlinda na mpangaji, kwa sababu mwenye nyumba aliyeandika lalamiko kwa mkono wake si rahisi kumfukuza mtu kwa kulitoa. Laiti yule mzee wangu angekuwa na daftari, angeona ufa uleule umeandikwa mara mbili. Na mimi ningepata ujasiri wa kuusema mara ya tatu.

HOFU ZENU NIMEZISIKIA

Mnaniambia, "Bwana shamba, hizi kanuni zitatufanya tupandishe kodi, na wasio na kitu watalala wapi?" Ni hoja ya kweli, siipuuzi. Mtu mwenye chumba cha shilingi 30,000 hana nafasi kubwa. Lakini tupige hesabu pamoja. Vyumba sita ni 180,000 kwa mwezi. Ukitenga sehemu moja ya kumi, ni 18,000, kwa mwaka 216,000. Usimalize yote mwaka mmoja. Mwaka huu maji ya bafu na mifereji, mwakani umeme, unaofuata nondo za madirisha. Ukuta ukianguka, kuujenga upya na kukaa miezi bila kodi ni gharama kubwa kuliko hizo, na hapo sijahesabu hospitali wala mahakama.

Hofu ya pili ni kubomolewa. Hapa nawageukia wenzangu wa serikalini, kuanzia ngazi ya kata hadi mkoa. Kazi yangu imenifundisha jambo moja. Sheria inamtaka mkulima wa pamba ang'oe na kuchoma masalia baada ya mavuno ili kuua funza. Mkulima aliyeelewa maisha ya funza anang'oa shamba zima. Aliyetishiwa faini tu anang'oa mistari ya kando ya barabara, ile ambayo mtendaji ataiona akipita na pikipiki. Katikati funza anaendelea kuzaliana.

Na majengo yatakuwa hivyo hivyo. Tukianza na rangi nyekundu ya X ukutani, watu watapaka chokaa juu ya nyufa. Tuanze na nyumba darasa, kama tunavyofanya shamba darasa: tuchague nyumba moja katika kila kitongoji, mwenye nyumba akubali, mhandisi, fundi umeme na mtu wa Zimamoto waikague mbele ya wenye nyumba wengine na wapangaji, kisha irekebishwe hatua kwa hatua watu wakiona. Tutoe muda unaojulikana. Faini na kubomoa vibaki kwa aliyeonyeshwa, akapewa muda, akakataa. Na mpangaji aliyetoa taarifa ya hatari asifukuzwe kwa sababu hiyo. Bila kifungu hicho, kanuni zote zitabaki mdomoni, kama nilivyobaki mimi.

NENO LA MWISHO

Mtoto yule alipona, anatembea, anachechemea kidogo. Mama yake alihamia upande mwingine wa mji. Mzee alijenga upya ukuta, safari hii kwa moramu na mkanda wa zege, na maji ya bafu ameyapeleka kwenye migomba. Nilipopita kwake msimu uliopita kukagua pamba alinionyesha migomba hiyo, ina mikungu mizuri. Kisha akaniambia, taratibu, "Mwanangu, ningejua." Sikumjibu. Alikuwa anajua. Hata mimi nilikuwa najua.

Ndugu mwenye nyumba, jioni ya leo zunguka nyumba yako mara moja, na penseli mkononi. Ukikuta ufa usioulewa, nitafute nikiwa kwenye mizunguko yangu ya kata. Udongo nitakuambia mimi, ukuta nitakupeleka kwa mhandisi. Na wewe mpangaji, ukiona hatari sema, ukipuuzwa sema tena.

Wiki ijayo tunarudi kwenye dengu.